Margarete Steiff: Shangazi aliyeanza na kindovu cha pini, akaishia na dubu wa dunia nzima

Wiki jana nilijidunga vidole mara saba nikitengeneza Dobby. Ndiyo, Dobby yuleyule wa sinema za Harry Potter, yule mtumishi mwenye masikio kama ya popo na macho makubwa kama balbu. Nilikuwa nimejifungia kwa keja, bonge la sufu mkono huu, sindano mkono ule, nadunga tu.

Kama hujawahi kuona kazi hii, wacha nikueleze haraka. Hakuna uzi, hakuna gundi. Unachukua sufu ya kondoo ambayo bado haijasokotwa, unaiviringa, halafu unaidunga na sindano maalum yenye vijino vidogo ubavuni. Kila mdungo unavuta nyuzi za juu na kuziingiza ndani, zinashikana na wenzake. Baada ya midungo mia kadhaa, kile kilichokuwa kama pamba laini kinakuwa kigumu, na unaweza kukipa pua, kidevu, hata makunyanzi ya uso. Ukipoteza makini kidogo, unadunga nyama yako.

Nikiwa katikati ya sikio la kushoto, mama akapiga simu kuuliza ninafanya nini siku hizi. Tangu niache chuo, hilo swali huwa na uzito wake. Nikamwambia ukweli, kwamba natengeneza mdoli. Kikafuata kimya kirefu, kisha akaniuliza kama nimekula.

Kimya hicho ndicho kilichonirudisha kwa mwanamke mmoja Mjerumani aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kama umewahi kulala ukiwa umekumbatia teddy, au umewahi kununua mmoja Valentine's ili usamehewe, basi maisha yako yamepita mikononi mwake bila wewe kujua. Jina lake ni Margarete Steiff.

Homa iliyobadilisha kila kitu

Margarete alizaliwa tarehe 24 Julai 1847 katika mji mdogo wa Giengen, kando ya mto Brenz, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Friedrich, alikuwa mjenzi. Mama yake, Maria Margarete, alizaliwa katika ukoo wa Hähnle, na hilo jina ulishike kwa sababu litarudi. Nyumbani walikuwa watoto wanne: Marie na Pauline waliomtangulia, yeye Margarete, na kitinda mimba Fritz.

Akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, alishikwa na homa kali. Homa ilipoondoka, mtoto hakuweza tena kusimama. Miguu ilikuwa imepooza, na mkono wa kulia ulikuwa dhaifu, kuuinua tu ni maumivu. Ilichukua muda mrefu kabla ya madaktari kusema ni nini hasa. Ilikuwa polio.

Sisi tuliokulia Kenya tunaijua polio kwa yale matone mawili mdomoni na alama ya wino kwa kidole, wahudumu wa afya wakipita nyumba kwa nyumba. Margarete hakuwa na bahati hiyo. Chanjo ya kwanza ya polio ilianza kutumika mwaka 1955, zaidi ya miaka mia moja baada yake kuugua.

Wazazi hawakukata tamaa mara moja. Mwaka 1856, akiwa na miaka tisa, walimpeleka mji wa Ludwigsburg akafanyiwa upasuaji, kisha akapelekwa kwenye maji moto ya Wildbad, mahali ambapo wagonjwa wa enzi hizo walienda kuoga wakitumaini kupona. Pesa zikaenda, safari zikaenda, miguu ikabaki vilevile. Alipofika umri wa ujana, Margarete mwenyewe aliamua imetosha. Hangeendelea kukimbizana na tiba. Angeishi na mwili alionao.

Fikiria uamuzi huo. Karne ya 19, mji mdogo, msichana asiyeweza kutembea. Mpango wa maisha kwa msichana wa kawaida ulikuwa kuolewa, kuzaa na kuendesha nyumba. Kwake watu waliona mlango huo umefungwa. Kilichobaki machoni mwa wengi ni mtu wa kulishwa na kubebwa na familia mpaka mwisho. Mzigo, kwa lugha ya mtaani.

Mkokoteni wa kwenda shule

Lakini kulikuwa na mkokoteni.

Ndugu zake na watoto wa majirani walimpakia kwenye mkokoteni wa mbao na kumvuta hadi shuleni. Huko alibebwa kupandishwa ngazi. Jioni, mkokoteni ukarudi. Na huko njiani na uani hakuwa mtoto wa kukaa pembeni akiangalia wenzake. Ndiye aliyebuni michezo, ndiye aliyewakusanya wadogo na kuwachunga wakati wazazi wao wako kazini. Watoto walimpenda. Kitu hicho kitakuja kuwa na maana kubwa baadaye.

Nataka usimame hapo kwa mkokoteni kidogo. Tukisimulia hadithi kama hizi huwa tunaruka moja kwa moja hadi kwa ushujaa wa mtu mmoja, jinsi alivyojikaza, jinsi hakukubali kushindwa. Ni kweli alijikaza. Lakini kujikaza hakukumfikisha shuleni. Kilichomfikisha ni magurudumu manne na watoto wa jirani. Kuna watu hapa Nairobi wenye bidii kumshinda Margarete ambao wako nyumbani leo kwa sababu matatu haisimami ikiona kiti cha magurudumu, na ofisi waliyoitwa kwa mahojiano iko ghorofa ya tatu bila lifti. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya kufika kila mahali. Kwenye karatasi, wameshafika.

Cherehani iliyogeuzwa nyuma

Baada ya shule, Margarete alitaka kujifunza kushona. Ilikuwa vita. Kushona kunahitaji mikono miwili, na wake wa kulia ulichoka haraka. Wengine hawakuona maana ya kujaribu. Yeye alikwenda shule ya ushonaji hivyo hivyo, na akiwa na miaka 17 alikuwa ameimaliza.

Pia alijifunza kupiga zitha, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mezani, kisha akaanza kuwafundisha wengine kwa malipo. Hizo ndizo pesa zake za kwanza. Kwa kizazi chetu chenye kazi tatu tatu ndiyo kodi ilipwe, hii tunaielewa kabisa. Margarete alikuwa na hustle ya pembeni kabla neno lenyewe lifike mtaani.

Dada zake Marie na Pauline walikuwa wamefungua duka la kushonea nguo za wanawake, na yeye akawa anafanya kazi nao. Walinunua cherehani, ambayo inasimuliwa kuwa ya kwanza kuonekana Giengen. Hapa likazuka tatizo. Gurudumu la cherehani liko upande wa kulia, na mkono wake wa kulia haukuweza kulizungusha. Unajua alifanya nini? Aliigeuza mashine nyuma mbele, gurudumu likaja upande wa kushoto. Basi. Kazi ikaendelea.

Hakuna aliyemtengenezea cherehani maalum. Yeye hakungoja mwili wake ubadilike ulingane na mashine. Aligeuza mashine.

Dada zake walipoolewa na kwenda zao, alibaki na kazi. Mwaka 1874 baba yake alirekebisha nyumba na kumjengea humo chumba chake cha ushonaji. Mzee aliyekuwa ametumia pesa kutafuta tiba sasa alitumia pesa kujenga karakana. Mimi naona huo ndio wakati familia ilianza kuamini kwamba huyu binti si mzigo.

Felti, kitambaa kisichochanika nyuzi

Sasa lile jina la Hähnle. Jamaa za upande wa mama yake walikuwa na kiwanda cha felti pale pale Giengen. Felti ni sufu iliyoshindiliwa kwa maji, joto na mgandamizo mpaka nyuzi zikashikana na kuwa kitambaa kimoja kizito. Haifumwi. Nyuzi za sufu zina magamba madogo sana, na zikibanwa pamoja magamba yananasana. Ni kanuni ileile ninayoitumia mimi na sindano yangu yenye vijino, tofauti ni kwamba kiwanda kinafanya kwa dakika kile kinachonila mchana mzima.

Uzuri wa felti kwa fundi ni huu: ukiikata, ukingo hautoki nyuzi. Huhitaji kukunja na kupindia. Unaweza kukata umbo dogo kabisa, sikio la upana wa kidole gumba, na likabaki jinsi ulivyolikata.

Mwaka 1877 Margarete alifungua biashara yake mwenyewe ya nguo za felti. Alishona na kuuza petikoti za felti na nguo za watoto. Wateja walipenda, oda zikaongezeka, akaajiri wanawake wengine. Alikuwa na miaka 30, mwanamke ambaye hajaolewa, anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na ndiye bosi.

Ndovu aliyekataa kuwa kimto

Halafu akaja ndovu.

Mwishoni mwa mwaka 1879 Margarete aliona kwenye gazeti la mitindo kielelezo cha ndovu mdogo wa kitambaa. Akamshona kwa felti na kumjaza sufu laini ya kondoo. Nia haikuwa mdoli. Alikuwa anatengeneza kimto cha kuchomekea pini na sindano, zawadi ya kuwapa jamaa na marafiki wanaoshona.

Tatizo ni kwamba jamaa na marafiki walikuwa na watoto. Watoto wakawaona ndovu, wakawabeba, wakalala nao. Pini zikakosa pa kukaa.

Ili uelewe kwa nini, lazima ujue midoli ya wakati ule ilikuwaje. Wenye pesa waliwanunulia watoto wanasesere wenye vichwa vya kaure, vizuri kuangalia, lakini kikianguka kinapasuka na mtoto anachapwa. Wengine walichezea mbao na bati. Mdoli mwororo, mwepesi, ambao unaweza kuukumbatia usiku na asubuhi ukautupa ukutani bila hasara, ulikuwa kitu adimu madukani. Margarete alikuwa ametengeneza kitu ambacho watoto walikuwa wanakihitaji, na alikitengeneza kwa bahati mbaya.

Mtu mwingine angekasirika kwamba vimto vyake vinaharibiwa. Yeye, ambaye alikuwa amelea watoto wa mtaa mzima akiwa yeye mwenyewe bado mtoto, aliwasoma haraka. Kampuni yake leo huhesabu mwaka 1880 kama mwaka wa kuanzishwa. Kakake Fritz, ambaye naye alikuwa mjenzi kama baba yao, alimpigia debe tangu mwanzo; alibeba ndovu hao hadi soko la Heidenheim, mji wa jirani, na wakanunuliwa. Kufikia mwaka 1886 zaidi ya ndovu 5,000 walikuwa wameuzwa.

Soma hiyo tena. Kuanzia kimto kimoja cha zawadi hadi ndovu 5,000 ni miaka sita. Katika miaka hiyo yote aliendelea kushona petikoti kulipa bili. Hakuacha kazi moja kwa mbwembwe ili afuate ndoto. Alifanya zote mbili mpaka ndovu wakaweza kujilisha.

Baada ya ndovu wakaja nyani, punda, farasi, ngamia, nguruwe, mbwa na paka. Karibu na mwaka 1890 ilijengwa nyumba mpya yenye duka na karakana, na ilikuwa na njia ya mteremko ili kiti chake cha magurudumu kipite bila kubebwa. Mwaka 1892 ikatoka katalogi ya kwanza yenye picha. Mwaka 1893 biashara ikasajiliwa rasmi kama kiwanda cha midoli ya felti, chini ya jina lake mwenyewe, na ikashiriki kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya Leipzig.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi: mtoto apewe kitu bora kabisa, si kitu cha kubahatisha. Kabla ya mdoli mpya kuingia sokoni, alitengeneza au kukagua wa kwanza yeye mwenyewe, kushika kila mshono. Ukali huo wafanyakazi wake waliujua.

Wapwa na dubu

Margarete hakuolewa wala hakupata watoto. Lakini Fritz alijaaliwa watoto wengi, na hao walimjua kama tunavyojua sisi shangazi mwenye mamlaka: anakupenda, anakulisha, na ukileta kazi mbovu anakurudishia. Mmoja baada ya mwingine, wana wa Fritz waliingia kwenye kampuni.

Aliyeleta moto ni Richard, aliyejiunga mwaka 1897. Richard alikuwa amesomea sanaa mjini Stuttgart, na huko alikuwa na tabia ya kwenda kwenye bustani ya wanyama na kuchora dubu. Si dubu wa hadithi, dubu wenyewe: wakisimama, wakikaa, wakijikuna. Kichwani mwake alikuwa na mdoli ambao ungeweza kusogeza mikono na miguu kama dubu wa kweli.

Mwaka 1902 akamkamilisha. Aliitwa 55 PB, urefu wa sentimita 55, mwenye manyoya ya mohea, ambayo hutoka kwa mbuzi wa Angora, na viungo vinavyozunguka. Inasemekana shangazi hakuvutiwa sana mwanzoni. Dubu mkubwa, ghali, wa kushtua watoto; nani atanunua? Lakini alimruhusu kijana ajaribu. Mimi huwa nafikiri hapo ndipo alipolipa deni la mkokoteni.

Mwaka 1903 dubu akapelekwa Leipzig. Watu wakapita. Wakatazama, wakapita. Maonyesho yalipokuwa yanakaribia kufungwa, akatokea mnunuzi kutoka Marekani, akaagiza dubu 3,000.

Kwa nini Mmarekani? Kwa sababu huko kwao, Novemba 1902, rais Theodore Roosevelt alikuwa ameenda kuwinda jimbo la Mississippi, akakataa kumpiga risasi dubu aliyekuwa amefungwa kwenye mti. Mchoraji vibonzo Clifford Berryman akachora kisa hicho gazetini, na Marekani nzima ikampenda yule dubu. Kule Brooklyn, Morris Michtom na mkewe Rose walishona dubu wao na kumpa jina la utani la rais, Teddy. Kwa hivyo dubu wa kitambaa alizaliwa pande mbili za bahari karibu wakati mmoja, na jina la Kimarekani ndilo lililoshika, hata kwa wale waliotoka Giengen.

Dubu wale wa kwanza wa 55 PB hawajulikani waliko. Hakuna hata mmoja anayejulikana kuwepo leo. Lakini walioboreshwa baada yao waliendelea kutoka. Kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1904 mjini St. Louis, Marekani, kampuni iliuza dubu 12,000, na Margarete na Richard wakapata tuzo ya juu.

Mwaka 1907 peke yake, kiwanda kilitengeneza dubu 974,000. Karibu milioni. Kulikuwa na wafanyakazi 400 kiwandani na wengine 1,800 wakishonea nyumbani kwao. Kiwanda chenyewe, kilichojengwa mwaka 1903, kilikuwa cha chuma na vioo kuanzia chini hadi juu ili washonaji wapate mwanga. Kwa sababu wengi waliofanya kazi humo walikuwa wasichana, watu wa mji walikiita tangi la samaki la mabikira. Wazee wa mji ni walewale kila mahali. Na ndani, bila shaka, kulikuwa na njia ya mteremko ya kumpandisha bosi.

Kitufe sikioni

Ukiwa na kitu kinachouzika, wanaokuiga hawachelewi. Nenda River Road ukaone viatu vyenye alama tatu badala ya mbili. Steiff nao waliigwa, na mpwa mwingine, Franz, akapata dawa mwaka 1904: kila mdoli utoke na kitufe cha chuma kwenye sikio. Ukikiona, ni Steiff. Usipokiona, umeuziwa hewa. Vya kwanza vilikuwa na picha ya ndovu, kwa heshima ya yule aliyeanzisha mambo.

Kitufe hicho bado kipo. Leo kuna watu wanaolipa pesa za kununulia gari kwa dubu mzee mmoja, na kitu cha kwanza wanachoangalia ni sikio.

Mwaka 1906 kampuni ilibadilishwa kuwa ya dhima yenye kikomo, ili wapwa waweze kuiendesha hata shangazi asipokuwepo. Aliona mbele. Tarehe 9 Mei 1909 Margarete alifariki kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 61. Miguu yake haikuwahi kupona.

Kampuni haikufa naye. Iliendelea kutengeneza wanyama na wanasesere, na miaka ya 1930 ikaanza kushona wahusika wa sinema, Mickey Mouse akiwa mmoja wao. Kwa hivyo sisi tunaokaa usiku tukidunga Dobby na Yoda na Totoro hatukubuni jambo jipya. Mtu kumpenda mhusika kwenye kioo mpaka akataka kumshika mkononi ni njaa ya zamani, na fundi wa felti alishaijua.

Usimtumie kama fimbo

Kuna njia mbaya ya kusimulia maisha haya. Utaiona kwenye status za WhatsApp: kama yeye aliweza bila miguu, wewe mwenye miguu una sababu gani? Tafadhali tusifanye hivyo. Kwanza, ni kumfanya mtu mwenye ulemavu kuwa fimbo ya kuchapia wavivu. Pili, ni uongo.

Alikuwa na kipaji na kichwa cha biashara, sawa. Lakini hesabu pia vitu vingine. Ndugu waliovuta mkokoteni. Dada walionunua cherehani na kumpa nafasi. Baba aliyemjengea chumba. Jamaa wenye kiwanda cha felti. Kaka aliyebeba gunia hadi sokoni. Wapwa waliosoma wakarudi nyumbani. Na njia ya mteremko, kila jengo jipya, njia ya mteremko. Toa kimoja tu kati ya hivyo, na huenda leo tusingekuwa na la kusimulia.

Kwa hivyo swali analotuachia ni pana zaidi ya kujikaza. Kwenye ploti yenu, kwa darasa lenu, ni nani anayehitaji mkokoteni, na ni nani anauvuta? Na ukiwa wewe ndiye unayehitaji kuvutwa, je, unakubali kupanda, au unaona haya?

Mimi kwa upande wangu nimekuwa nikiona haya. Nimekuwa nikinunua sufu kwa pesa ya chakula badala ya kumwambia mama nimekwama. Juzi nilimpigia mwenyewe, nikamweleza hesabu yote: Dobby mmoja ananichukua siku mbili, nimeuza wanne tangu Januari, nahitaji sufu nyingi zaidi na kwa bei nafuu. Akanyamaza tena. Halafu akakumbuka kuna mwanachama wa chama chao anayefuga kondoo Kinangop, na hajui afanye nini na sufu yake kila wakikatwa manyoya.

Jumamosi nachukua matatu ya kwenda huko na magunia mawili matupu. Dobby nimemwacha mezani. Sikio la kushoto limekaa juu kidogo kuliko la kulia, lakini mtoto wa jirani alimwona jana na mpaka sasa hajamrudisha.